Kinachoua injini ya gari la mtumba kabla ya wakati, na la kufanya ikifia Sangailu

GARI linapozimika katika barabara ya kutoka Hulugho kuelekea Sangailu, kaunti ya Garissa, abiria hawana la kufanya ila kushuka na kutafuta kivuli. Karakana iko mbali, gari la kuvuta magari mabovu halipo, na gari jingine huenda lisipite hadi jioni au kesho yake. Katika eneo hili lililo karibu na msitu wa Boni na mpaka wa Somalia, ambako serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni mnamo Septemba 2015 kuwasaka wapiganaji wa Al-Shabaab, kulala njiani si usumbufu tu bali ni hatari.

Ndiyo maana kifo cha injini huku hakihesabiwi kuwa hasara ya mwenye gari peke yake. Land Cruiser moja kuukuu ndiyo huleta unga na sukari kutoka Masalani au Garissa mjini, ndiyo hupeleka mbuzi sokoni, na usiku wa manane ndiyo hugeuzwa ambulensi mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Ikifa, kijiji kizima hurudi nyuma.

Aidha, gari lenyewe mara nyingi limenunuliwa kwa mifugo. Baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ukame ulioangamiza mifugo kote Kaskazini Mashariki, si ajabu mfugaji kuamua kwamba mali yake i salama zaidi katika chuma kuliko katika ng'ombe. Gari halihitaji malisho. Hata hivyo, nalo lina njaa na kiu yake, na anayeipuuza huipoteza injini kwa muda mfupi kuliko ambao ukame huchukua kumuua ngamia.

Injini inayokufa mapema haifi kwa uzee. Huuawa na kitu mahsusi: joto, vumbi, ukosefu wa oili, mafuta machafu au maji. Na mwenye gari anayekimbilia kununua injini ya pili kabla ya kujua kilichoiua ya kwanza, huifunga injini hiyo mpya mahali pale pale ilipofia mwenzake. Baada ya miezi michache hujikuta tena chini ya mti, safari hii akiwa hana hata mbuzi wa kuuza.

Mapema ni lini? Injini ya dizeli ya Toyota aina ya 1HZ, yenye silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, ambayo imebeba Land Cruiser nyingi za Kaskazini Mashariki, inajulikana kwa kwenda kilomita laki kadhaa bila kufunguliwa endapo itatunzwa. Injini ya namna hiyo ikianza kugonga miezi sita baada ya kununuliwa, ama ilikuja na ugonjwa, ama imeuguzwa vibaya. Mara nyingi ni yote mawili.

Kuhusu ugonjwa unaokuja na gari, sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hukaguliwa huko linakotoka kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa. Ukaguzi huo ni wa usalama wa gari barabarani pamoja na kuthibitisha kilomita. Hauifungui injini. Isitoshe, magari mengi yanayofika Sangailu hayatoki bandarini moja kwa moja. Yameshapitia mikono miwili au mitatu humu nchini, mengine yakiwa yamenunuliwa katika minada ya magari ya serikali na ya mashirika.

Kwa magari kama hayo, mita ya kilomita haisemi ukweli wote hata kama haijachezewa. Gari la shirika au la msafara wa ulinzi huachwa likinguruma kwa saa nyingi, kipoza-hewa kikiwa wazi, huku magurudumu yametulia. Injini imefanya kazi lakini mita haikusonga. Gari lenye kilomita 120,000 laweza kuwa na injini iliyochoka kama ya kilomita 250,000. Mnunuzi mwangalifu huuliza gari lilifanya kazi gani, si kilomita ngapi limekwenda tu.

Mita iliyorudishwa nyuma nayo ina njia zake za kugunduliwa. Hati ya kusafirishia gari kutoka Japani huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima nchini humo. Vilevile, mafundi wa Japani wanapobadilisha mkanda wa taimingi, yaani mkanda unaoendesha vali kwa mpango, wana mazoea ya kubandika kibandiko chini ya boneti chenye tarehe na kilomita. Kibandiko kinachosema mkanda ulibadilishwa katika kilomita 198,000, ndani ya gari ambalo mita yake inasoma 95,000, hakihitaji mkalimani wa Kijapani.

Tukija kwa yanayotokea baada ya kununua, joto ndilo muuaji wa kwanza. Garissa ni miongoni mwa kaunti zenye joto kali zaidi nchini, na mchana si ajabu nyuzi kupita 35. Injini hupozwa na maji yanayosukumwa na pampu kupitia rejeta, ambako upepo huyapunguzia joto kabla hayajarudi ndani. Mzunguko huo ukikatika popote, chuma huanza kutanuka kupita kiasi.

Huku hukatika kwa sababu ambazo mtu wa Nairobi hawezi kuzifikiria haraka. Maji ya visima vingi vya sehemu za Ijara na Hulugho yana chumvi, na hiyo ndiyo sababu wenyeji hutegemea mabwawa yanayokusanya maji ya mvua. Maji ambayo binadamu anayakataa kwa ladha yake, ndiyo humiminwa ndani ya rejeta. Chumvi hiyo hufanya ndani ya injini kile ifanyacho ndani ya birika: huacha ganda gumu jeupe. Ganda likiziba vijia vya rejeta na vya injini, maji yapo lakini hayapozi kitu. Isitoshe, chumvi hula chuma na alumini taratibu.

Kwa nje, mapezi ya rejeta hujaa mbegu za nyasi, wadudu na matope yaliyokauka. Dereva hawezi kuyaona kwa sababu kipoza-hewa kimekaa mbele yake. Huoshwa kwa maji yanayopitishwa kutoka upande wa injini kwenda nje, wala si kinyume chake, maana kinyume chake huusukuma uchafu ndani zaidi.

Kisha kuna themostati, kilango kidogo kinachofunguka na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Mafundi wengi wa jua kali huing'oa na kuitupa wakiamini kwamba wanaipunguzia injini joto. Ni imani iliyoenea kote Afrika Mashariki na imeua injini nyingi. Katika injini kadhaa za Toyota, themostati ndiyo pia huziba njia ya mkato ya maji injini inapopata moto. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta, na gari likipanda mchanga mzito likiwa na mzigo, joto hupanda badala ya kushuka.

Kinachofuata hutegemea aina ya injini. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu kinachobeba vali, ni ya chuma cha kalibu katika 1HZ, nayo huvumilia kiasi. Lakini injini ya 1KZ-TE, ya lita 3.0, iliyokuwa katika Prado na Hilux Surf nyingi za miaka ya tisini, ina silinda hedi ya alumini, na inafahamika kwa kupasuka katikati ya vali pindi inapopata joto kupita kiasi hata mara moja. Ufa huo huanza ukiwa kama unywele. Gari huendelea kutembea likimeza maji kidogo kidogo, mwenyewe akiongeza lita moja kila asubuhi na kudhani ni kawaida ya gari kuukuu. Si kawaida. Maji hayapotei ndani ya mfumo uliofungwa ila yana pa kwenda.

Mshale wa joto nao usiaminiwe kupita kiasi. Katika magari mengi hukaa katikati hata joto linapopanda kidogo, na maji yakiisha kabisa, kifaa kinachopima hubaki kikipima hewa. Hapo mshale waweza hata kushuka wakati injini inaungua.

Muuaji wa pili ni vumbi. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi mno, na barabara za udongo za Sangailu wakati wa kiangazi hutoa vumbi laini linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zenye uwezo wa kukwaruza chuma. Likipita chujio la hewa na kukutana na oili kwenye kuta za silinda, mchanganyiko huo hugeuka msasa. Ringi za pistoni hulika, kuta za silinda hulika, na injini huanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu.

Vumbi hupitaje? Mara nyingi chujio lenyewe halina kosa. Hupuliziwa upepo wa kompresa kwa nguvu hadi karatasi yake ikatoboka vitundu visivyoonekana, au hupigwa-pigwa kwenye gurudumu hadi kingo zake zikapinda na kuacha mwanya. Nyakati nyingine bomba la mpira linalotoka kwenye chujio kuelekea injini limepasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Kulikagua ni kazi ya dakika mbili: fundi hulivua bomba hilo na kupitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikila mchanga, na hakuna oili ya bei yoyote itakayoiokoa hadi mwanya huo uzibwe.

Kuhusu oili, wengi wanajua kwamba sharti ibadilishwe, ila hawajui kwamba kilomita 5,000 zilizozoeleka ni hesabu ya barabara ya lami. Katika vumbi, joto na mwendo wa gia ndogo mchangani, muda huo wafaa kupunguzwa. Kosa jingine ni kuchagua oili kwa bei au kwa rangi ya mtungi. Oili nyepesi ya daraja la 0W-20 iliyokusudiwa magari madogo ya petroli ya Japani haifai injini kuukuu ya dizeli, na kinyume chake ni kweli.

Kuna ugonjwa mmoja unaostahili kutajwa peke yake kwa kuwa huua ghafla. Injini ya 1KD-FTV, iliyo katika Prado na Hilux nyingi za miaka ya 2000, ina nozeli za dizeli zilizoketi juu ya vizibo vidogo. Vizibo hivyo vikichoka, moshi wa mlipuko hupenya na kuichoma oili, nayo hugeuka masizi mazito yanayoziba chujio dogo la waya lililo chini kabisa ya injini, pale pampu inapofyonzea. Kijiti cha kupimia huonyesha oili imejaa, ila haipandi juu. Beringi husagika na injini hukwama. Anayenunua gari lenye injini hiyo hufanya vyema kufungua sampu na kulitazama chujio hilo kabla ya safari yoyote ndefu.

Mafuta ya gari yana kesi yake. Kwa miaka mingi mafuta taa, yaliyokuwa ya bei nafuu, yalichanganywa na dizeli na wafanyabiashara walaghai, hadi serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo 2018 ili kuondoa faida ya ulaghai huo. Mafuta taa hayana ulainishaji wa dizeli, na pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta hayo hayo inayoyasukuma. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hupima mafuta vituoni, lakini mapipa na mitungi ya vijijini ni shida nyingine: kama hayana mafuta taa, huenda yana maji na kutu. Kitambaa safi juu ya mrija na kuifungua koki ya chini ya chujio la dizeli kila wiki ili maji yatoke ni kinga rahisi kuliko nozeli moja.

Mafuriko nayo yasisahaulike. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilikata barabara sehemu nyingi za Garissa, na madereva wakajaribu bahati yao majini. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda wakati pistoni inapanda, mkono unaoibeba pistoni hupinda au kuvunjika. Gari lililozimika ndani ya maji halipaswi kuwashwa tena, hata mara moja, hadi nozeli au plagi zifunguliwe na injini izungushwe kwa mkono ili maji yatoke. Injini nyingi haziuawi na mto, huuawa na ufunguo uliozungushwa baada ya kuuvuka.

Je, dereva afanye nini injini inapoanza kulalamika njiani? Dakika ya kwanza ndiyo huamua kama gharama itakuwa ya gasketi au ya injini nzima. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, azime papo hapo, si baada ya kufika kwenye kivuli kinachofuata, kwani beringi zisizo na oili huharibika kwa muda mfupi sana. Ikigonga kwa sauti ya chuma, azime vilevile. Joto likipanda, aondoe mzigo kwenye injini, azime kipoza-hewa, asimame, kisha asubiri. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kungali na moto, maana maji yaliyofungiwa humo huruka yakiwa mvuke na kuunguza uso. Na maji baridi yasimwagwe ndani ya injini iliyoungua, kwa kuwa chuma kinachopozwa ghafla ndicho hupasuka. Kusubiri saa nzima katika jua la Sangailu ni adhabu, lakini ni nafuu kuliko silinda hedi.

Gari likishavutwa hadi kwa fundi, kishawishi kikubwa ni kufungua kila kitu siku hiyo hiyo. Afadhali uchunguzi utangulie spana. Oili hukamuliwa kupitia kitambaa cheupe. Ikitoka na chembe zinazong'aa, beringi zimekula. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Chujio la oili hukatwa na kukunjuliwa, kwani huhifadhi kumbukumbu ya kilichosagika. Rejeta hujazwa na injini ikawashwa kama inaweza, na mapovu yasiyoisha yakionekana, gesi ya mlipuko inavuja kupitia gasketi au ufa. Mgandamizo wa kila silinda hupimwa kwa mita, nayo silinda moja iliyo chini kuliko wenzake huonyesha mahali pa kuanzia. Moshi nao husema: wa buluu ni oili, mweusi ni hewa haba au dizeli nyingi, na mweupe wenye harufu tamu ni maji yenye dawa ya rejeta.

Vitu hivyo vyote, yaani oili iliyokamuliwa, chujio lililokatwa na vipuri vilivyovunjika, havistahili kutupwa. Vipigwe picha na kuwekwa. Sababu yake itaonekana punde.

Baada ya hapo mwenye gari hukabiliwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuifungua injini na kuifufua: silinda kuchongwa, pistoni na ringi mpya kutiwa, kranki kusuguliwa. Ni njia ndefu, na hutegemea karakana yenye mashine za kupimia, ambayo kwa mkazi wa Sangailu humaanisha Garissa mjini au hata Nairobi, kilomita zaidi ya 360 kutoka Garissa. Faida yake ni kwamba mwenyewe anajua kilicho ndani. Njia ya pili ni kununua injini iliyotumika kutoka Japani, kama zile zinazouzwa katika maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Ni ya haraka, ila ni kununua kitu kilichofunikwa, na kwa kawaida dhamana yake haivuki siku chache. Anayeichagua aitake iwashwe mbele yake au walau mgandamizo wake upimwe, na mkanda wake wa taimingi ubadilishwe kabla haijafungwa.

Kwa 1HZ, ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi, kuifufua mara nyingi huwa na maana zaidi. Kwa 1KZ-TE iliyopasuka hedi, kuichomelea ufa ni kuahirisha msiba, na hedi mpya ndiyo dawa, maadamu sehemu ya chini ingali nzima. Na kuna magari ambayo hesabu yake haikubali lolote kati ya hayo: gharama ya injini ikikaribia bei ya gari zima baada ya kutengenezwa, ni heri kuliuza kama lilivyo.

Njia yoyote itakayofuatwa, mfumo unaoizunguka injini sharti usafishwe kwanza, na hapa ndipo wengi huponzwa. Rejeta yenye ganda la chumvi hubadilishwa au kusafishwa kwa dawa. Mabomba ya hewa huoshwa ndani, kwa sababu vumbi lililoiua injini ya kwanza bado limelala humo likiingoja ya pili. Tanki la dizeli huteremshwa. Bomba la oili la tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, huangaliwa kama limeziba. Kazi hizi hazionekani kwa macho, na fundi anayelipwa kwa haraka huziruka.

Endapo injini nyingine itafungwa, nambari yake hutofautiana na iliyoandikwa katika hati ya umiliki. Mabadiliko hayo ni lazima yaarifiwe NTSA, na risiti pamoja na hati za forodha za injini hiyo zihifadhiwe. Katika eneo lenye vizuizi vingi vya polisi, gari lenye nambari ya injini isiyolingana na hati huweza kumletea mwenyewe maswali ya wizi.

Linabaki suala la aliyeliuza gari. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) inamtaka mfanyabiashara wa magari auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012 inamzuia muuzaji kutoa maelezo ya uongo, ikiwemo juu ya matumizi ya awali ya bidhaa. Hata hivyo, ulinzi huo una mipaka. Mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua, na anayenunua kutoka kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara ana ulinzi mdogo zaidi, isipokuwa kama alidanganywa. Kwa hiyo maneno ya muuzaji kuhusu injini na kilomita yafaa kuandikwa katika mkataba wa mauzo. Yaliyosemwa kwa mdomo chini ya mti ni vigumu kuyathibitisha.

Madai yasiyozidi Sh1 milioni yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, ambako mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Hapo ndipo chujio lililokatwa na picha za beringi hupata thamani yake, pamoja na maelezo ya maandishi ya fundi yenye tarehe na kilomita.

Lakini Sangailu, kama sehemu nyingine za Wasomali wa Garissa, kesi nyingi za biashara hazifiki mahakamani. Huishia kwa wazee na masheikh. Mahakama ya Kadhi yenyewe, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu, wala si mauzo ya magari. Hata hivyo, fiqhi ya Kiislamu inayotumiwa na wazee katika usuluhishi ina kanuni iliyo wazi kuhusu bidhaa yenye kasoro iliyofichwa: muuzaji ana wajibu wa kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi asiyeijua anayo khiyari ya kuirudisha bidhaa na kurejeshewa fedha zake.

Khiyari hiyo ina sharti moja ambalo humponza mnunuzi mara kwa mara, nalo linafanana na lile la sheria ya serikali. Akiishagundua kasoro kisha akaendelea kulitumia gari, au akalifungua injini na kulibadilisha, huhesabiwa kuwa ameridhia. Yule aliyekuwa akiongeza lita moja ya maji kila asubuhi kwa miezi mitatu atapata taabu kuwashawishi wazee kwamba hakujua. Kinachotakiwa ni kusimamisha gari, kumwarifu muuzaji kwa maandishi siku hiyo hiyo, na kumpa nafasi ya kumleta fundi wake kabla injini haijaguswa.

Injini ikishafufuliwa na kuwashwa, oili ya kwanza humwagwa baada ya kilomita 1,000 hivi, kwani hubeba vumbi la chuma la sehemu mpya zinazozoeana. Gari halibebeshwi mzigo kamili katika kipindi hicho, na maji ya rejeta hutazamwa kila asubuhi kungali na baridi. Mtungi wa lita 20 wa maji ya mvua, au maji yaliyochanganywa na dawa ya rejeta tangu Garissa mjini, hufungwa nyuma ya kiti, na hairuhusiwi kuunywesha mfumo huo maji ya kisima hata gari likikwama.